Noti mbili zinatosha

Ukiuliza katika fakulte yetu kwa nini muziki wa sinema fulani unakumbukwa, wengi watakujibu: kwa sababu ni mtamu. Mimi sikubali. Muziki mtamu ni mwingi, na mwingi wake tunausahau kabla ya kufika nyumbani. Naona muziki wa sinema unakumbukwa pale unapofanya kazi ya neno, yaani unapobeba maana ambayo mtazamaji amejifunza ndani ya sinema yenyewe.

Tumchukue Ennio Morricone wa Roma (1928–2020). Mwaka 1966 alitunga muziki wa Il buono, il brutto, il cattivo, sinema ya Sergio Leone, ambaye walisoma pamoja shule ya msingi. Hata watu ambao hawajaiona sinema hiyo wanaweza kupiga mluzi mwanzo wake. Na mwanzo wenyewe ni noti mbili tu zinazopokezana upesi, kama mlio wa mnyama wa jangwani.

Lakini tusikilize vizuri. Wahusika wakuu ni watatu, na kifungu hicho kimoja kinawatambulisha wote. Kwa wa kwanza kinapigwa kwa filimbi, kwa wa pili kwa okarina, kwa wa tatu kinaimbwa na sauti za watu. Noti ni zile zile. Kinachobadilika ni sauti inayozitamka. Mwanafunzi wa isimu anajua jambo hili tangu somo la fonolojia: tofauti moja ndogo inatosha kutenganisha maana.

Hapa Kongo tuna mfano ulio karibu zaidi. Ngoma ya mti ya Walokele wa upande wa Kisangani inasema kwa toni mbili, ya juu na ya chini. John Carrington, mmisionari aliyeishi Yakusu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 kwamba kwa Kilokele neno la mwezi na neno la kuku yana toni sawa. Mpiga ngoma anaondoa utata kwa kurefusha: badala ya neno moja anapiga fungu zima linalolieleza. Mtunzi wa sinema ana tatizo lile lile, kwa kuwa noti mbili peke yake hazisemi kitu. Ila yeye hahitaji kurefusha. Picha, uso wa mhusika na kurudiarudia ndivyo vinavyomwondolea utata.

Ushahidi mkubwa ni C'era una volta il West, ya mwaka 1968. Mtu asiye na jina anapiga kinanda cha mdomo mahali ambapo mwingine angejibu kwa maneno. Kwa zaidi ya saa mbili tunaisikia sauti ile kali bila kujua inatoka wapi. Karibu na mwisho tunaonyeshwa: alipokuwa kijana mdogo alisukumiwa kinanda kile mdomoni, huku kaka yake, mwenye kitanzi shingoni, amesimama juu ya mabega yake. Hapo kila noti tuliyoisikia tangu mwanzo inapata maana. Haikuwa bahati: muziki ulitungwa kabla ya kupiga picha, na Leone aliupiga pale pale waigizaji walipokuwa kazini.

Mtu atanipinga kwa kutaja The Mission (1986), ambamo Morricone aliandika wimbo mrefu na mtamu wa zumari. Ni kweli. Lakini tazameni unapoanzia: padri yuko peke yake msituni, amezungukwa na Waguarani wenye silaha. Anaanza kupiga zumari. Wimbo ule ni salamu, na maisha yake yanategemea jibu.

Sasa tuwatazame wenzetu wanaotengeneza sinema fupi mijini kwetu. Wengi wanapiga picha, wanakata, kisha usiku wa mwisho wanachukua muziki wa bure kwenye intaneti na kuubandika juu. Muziki huo si mbaya. Ila umeshatumika katika harusi na matangazo, na haujajifunza neno hata moja la sinema ile. Ndiyo maana tunatoka ukumbini bila kubaki na sauti yoyote.

Watasema pesa hakuna. Mwaka 1964, kwa sinema ya Leone iliyotengenezwa kwa pesa kidogo, Per un pugno di dollari, Morricone alitumia mluzi, mjeledi na kengele. Mluzi hauna bei. Kinachohitajika ni kumpa mtunzi hadithi kabla ya kamera, na kuuliza: mhusika huyu ana sauti gani, inasikika mara ya kwanza wapi, na lini inanyamaza?

Sisi tunaosoma Kiluba, Lingala na lugha nyingine zenye toni tunashinda mchana kutwa tukipima jinsi sauti ya juu na ya chini inavyobeba maana. Ujuzi huo tunauacha kwenye karatasi za mtihani. Twende nao kwa wenzetu wenye kamera, kabla hawajaanza kupiga picha.