Omanyala hana deni la marathon

Kila Ferdinand Omanyala akishindwa kutinga fainali huko ng'ambo, utamkuta tu msee mtandaoni akishauri jamaa aachane na mita 100 aende marathon kama Wakenya wengine. Wengi wanaandika kwa utani. Lakini kuna wanaoamini kabisa, na hesabu yao ni rahisi: mtu aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, akipunguza mwendo kidogo tu, si atawaacha hawa wa masafa marefu?

Haya, tupige hesabu hiyo. Marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia Chicago Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, kila mita 100 ilimchukua takriban sekunde 17.1. Kwa Omanyala huko ni kupasha misuli moto. Mzunguko mmoja wa uwanja kwa mwendo huo ni kama sekunde 68 na nusu, na mtimkaji yeyote wa maana wa mita 400 anaumaliza huku akipiga stori. Balaa ni kwamba marathon ina mizunguko kama hiyo 105, na bado nusu inabaki.

Hapo ndipo mwili unapokataa. Misuli yetu ina nyuzi za aina mbili kuu: zile zinazofyatuka kwa nguvu na kuchoka haraka, na zile zinazofanya kazi polepole lakini hazichoki upesi. Mtu wa mita 100 amejaliwa zile za kwanza kwa wingi. Mazoezi yanaweza kumwongezea pumzi, lakini kumgeuza awe Kiptum, hapana. Halafu kuna suala la mafuta ya gari, ukipenda. Mbio za sekunde kumi zinategemea nguvu iliyo tayari ndani ya misuli; oksijeni haina kazi kubwa hapo. Marathon ni oksijeni mwanzo mwisho, na sukari iliyohifadhiwa mwilini huanza kuisha karibu na kilomita ya 30. Mwenye misuli mikubwa anaimaliza mapema, na joto linamzidi kwa sababu mwili mkubwa hupoa kwa shida.

Uzito nao si mchezo. Usain Bolt ana urefu wa mita 1.95 na alikuwa akikimbia akiwa na zaidi ya kilo 90. Eliud Kipchoge hafikishi 60. Tofauti hiyo ni kama kukimbia kutoka Nairobi hadi Thika ukiwa umebeba mgongoni ule mtungi wa gesi wa kilo 13, chuma na gesi yake.

Kama hujaamini, mwangalie Ryan Hall wa Marekani, aliyekimbia Boston kwa saa 2:04:58 mwaka 2011. Alistaafu mapema 2016, akaingia jimu na kujaza misuli hadi picha zake za zamani zikawa kama za mtu mwingine. Mwaka uliofuata alikimbia marathon saba katika mabara saba kwa siku saba. Alimaliza zote, heshima kwake, lakini mwendo ulikuwa mbali kabisa na ule wa Boston. Ni mtu yule yule mwenye moyo ule ule. Mwili ndio ulikuwa umeshachagua kazi nyingine.

Kuna atakayenitajia Sifan Hassan wa Uholanzi, aliyeshinda marathon ya Olimpiki ya Paris 2024. Kweli, huyo dada ana kasi ya kutisha. Lakini kasi yake ni ya mita 1,500 na maili moja, mbio ambazo tayari zinaishi kwa oksijeni. Kutoka hapo hadi kilomita 42 ni safari ndefu yenye barabara. Kutoka mita 100, barabara yenyewe haipo.

Sasa, kwa nini nakasirikia utani wa mtandaoni? Kwa sababu utani huo huo ndio sera katika shule zetu nyingi. Kijana akionekana ana mbio, anapelekwa moja kwa moja kwenye mbio za nyika. Akiwa wa kumi na tano anaambiwa hana kipaji, kumbe angepewa mita 200 angewafunika wote. Tukumbuke timu yetu ilitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 kupokezana vijiti mjini Munich, 1972. Julius Yego anatoka Nandi, kitovu chenyewe cha masafa marefu, na akawa bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2015 kwa mita 92.72. Hebu fikiria kama angekubali kuburutwa barabarani na wenzake. Omanyala mwenyewe alitokea kwenye raga, si kwenye mfumo wowote wa kusaka watimkaji.

Naelewa pesa inasemaje. Riadha za Dunia za 2023 zililipa dola 70,000 kwa kila bingwa wa mbio za mtu binafsi, awe wa mita 100 au wa marathon, lakini mashindano hayo huja mara moja kwa miaka miwili. Mbio za barabarani ziko karibu kila wikendi, Ulaya, Asia, hata hapa nyumbani. Mzazi mwenye njaa atamsukuma mtoto huko, na siwezi kumlaumu. Wa kulaumiwa ni kaunti zinazojenga uwanja na kuacha njia ya vumbi, bila vizuizi vya kuanzia mbio wala chumba cha vyuma.

Na nyinyi wa jimu mnaojiandikisha kwa Nairobi Marathon kila Oktoba kwa sababu "miguu iko fiti", karibuni sana. Kukimbia marathon mnaweza, hata saa tano ni kumaliza. Ila kuna kitengo cha kilomita 10 na cha 21. Anzieni huko, na mazoezi yaanze Juni, si wiki ya kuchukua fulana.