Neno la Mhariri: Nani Alichagua Vazi?

Picha ya mtu, iwe imechorwa kwa brashi au imepigwa kwa kamera, hubeba pia kauli ya aliyeigharamia, na pale mwenye sura anapokuwa mwanamke aliyevaa vizuri, kauli hiyo husomeka katika nguo kabla ya kusomeka usoni.

Mnamo 1545 hivi, mchoraji Bronzino wa Florence, Italia, alimchora Eleonora wa Toledo, mke wa mtawala Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici, akiwa na mwanawe mdogo. Rangi ya mafuta, yaani rangi iliyokorogwa kwa mafuta ya mbegu, hukauka polepole, na hivyo humruhusu msanii kupaka tabaka jembamba juu ya jingine hadi mng'ao wa hariri na lulu uonekane dhahiri. Ustadi huo ulimtumikia mume: kwa kuwa Florence ilisifika kwa ufumaji wa hariri, gauni lilitangaza utajiri wa dola yake, na mtoto alitangaza urithi.

Zanzibar inadai swali la nani alichagua vazi liulizwe upya. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na Mjerumani Rudolph Heinrich Ruete; lakini huko Hamburg, alikoishi akivaa Kizungu, alipigwa picha akiwa katika mavazi ya kwao, na hata kama watazamaji waliona humo ugeni wa Mashariki tu, vazi lenyewe lilidai nasaba ambayo ndoa ilikuwa imemtenga nayo. Vivyo hivyo, baada ya amri ya 1897 kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa, wanawake waliokuwa watumwa, waliozoea kuvishwa merikani na kaniki, vitambaa hafifu visivyo na nakshi, walijinunulia kanga, na baadaye buibui, kama dai la uungwana.

Toleo hili, linaloandaliwa Tegeta, ambako sare za harusi huamuliwa na familia pamoja na kamati, linashikilia kwamba nguo ni ushahidi wa kihistoria ikiwa tu mvaaji, mlipaji na mshonaji wanajulikana. Postikadi nyingi za enzi ya ukoloni ziliandikwa "mwanamke wa Kiswahili" bila jina. Kwa hiyo picha za harusi za leo zihifadhiwe pamoja na tarehe na majina ya mvaaji, mlipaji na fundi cherehani aliyeshona, ili mtafiti wa kesho asilazimike kubuni kauli ya mwanamke aliyekuwa na yake.