Mwiba wa Kujichoma Nao Una Dawa

Wahenga walinena kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Methali hii niliisikia ikitumiwa kwa ukali bwenini muhula uliopita, dhidi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyechorwa tatuu mkononi mjini Meru. Alikuwa amepewa karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Humo alitahadharishwa asiuache mchoro ukauke kupita kiasi. Yeye akafahamu kwamba asiuondoe utando wa plastiki aliofungwa. Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba na kutunga usaha. Waliomzunguka walimrushia methali, wakacheka. Hakuna aliyemweleza la kufanya. Nami, ninayejigamba kuwa mwanafunzi wa Kiswahili, nilibabaika nikitafuta maneno.

Hoja yangu katika makala haya ni moja: tatuu mbichi ni kidonda, na mwenye kidonda anastahili kuelezwa namna ya kukitunza kwa lugha anayoielewa barabara.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni geni, hivyo Kiswahili hakina msamiati wake. Dai hilo halina mashiko. Kabla ya neno tatuu kuingia katika lugha yetu, tulikuwa na chale na tojo, pamoja na kitenzi kutoja. Hata nembo, neno tunalolitumia leo kwa alama za vyuo na mashirika, lina maana ya alama zilizochanjwa mwilini. Ama kuhusu kupona, lugha yetu imesheheni: jeraha, kidonda, uvimbe, usaha, kigaga, kovu. Kila neno hapo ni hatua au hali ambayo muuguzi anahitaji kuitaja. Kilichokosekana ni sisi kuyaweka maneno hayo pamoja, kwa mpangilio, kwenye karatasi moja.

Isitoshe, alama za mwilini si ngeni katika nchi hii ya milimani. Wanahistoria walioandika kuhusu Meru wanaeleza kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, wasichana walitogwa masikio na kuchanjwa chale tumboni kabla ya kukeketwa. Sisemi turejee huko. Ukeketaji ulikuwa dhuluma, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeupiga marufuku. Lakini tazama jando la wavulana, ambalo lingali hai Meru na Embu: kijana aliyetahiriwa hutengwa, akapewa wa kumtunza, kumwosha na kumkanya hadi apone. Jamii ilijua kwamba kisu ni kazi ya dakika chache, bali uponaji ni kazi ya majuma. Kijana wa leo huchorwa Jumamosi, akarudi bwenini peke yake na karatasi asiyoielewa.

Je, karatasi ya Kiswahili ingesema nini? Ingesema hivi. Sindano imepenyeza wino chini ya ngozi ya juu, nayo ngozi hiyo aghalabu huchukua wiki mbili hadi nne kuziba. Ndani huchelewa zaidi. Ondoa utando kwa wakati ulioelekezwa na mchoraji. Nawa mikono kwanza kila unapougusa mchoro. Uoshe taratibu kwa maji safi ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kisha uukaushe kwa kuugusagusa na kitambaa safi, bila kusugua. Paka mafuta membamba yasiyo na manukato. Yale ya kukamulia ng'ombe, ambayo wengi wetu tumekulia, si dawa ya kidonda. Usiogelee Kathita wala Rupingazi mpaka upone. Ukienda nyumbani kuchuma majani chai au kahawa, funika mkono kwa nguo safi isiyobana, ukikinge na jua, udongo na jasho. Kigaga kikiwasha, usikikwangue, kitabanduka chenyewe. Wekundu ukienea, maumivu yakizidi badala ya kupungua, usaha ukitoka au homa ikipanda, nenda hospitali bila kuona haya.

Karatasi hiyo ingetangulizwa na onyo kwa ambaye hajachorwa: sindano iliyotumiwa na mtu mwingine inaweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota makovu makubwa yaliyoinuka. Asiyeridhika na usafi wa mahali aondoke.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wazazi na viongozi wa dini watauliza: kumfundisha kijana kutunza tatuu si kumhimiza achorwe? Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Anayemfunga bandeji aliyeanguka pikipiki hajasifu mwendo wa kasi. Anayeona tatuu ni kosa na aseme kabla ya sindano. Baada ya sindano, aliye mbele yetu ni mgonjwa.

Hili ni suala la haki pia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidi huduma hiyo, pamoja na haki ya kulindwa afya yake. Maelezo yasiyoeleweka ni maelezo gani?

Kwa hivyo napendekeza kwamba vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu, kutoka Meru kupitia Chuka hadi Embu, viandike karatasi hiyo moja. Wahadhiri waihariri, wauguzi waithibitishe, kisha ipelekwe katika zahanati za vyuo na kwa wachoraji wenyewe. Tumezoea kuandika tasnifu kuhusu uundaji wa istilahi. Hapa istilahi zipo tayari, zinamngoja mgonjwa.

Mwanafunzi yule alipona baada ya kutibiwa, ila mchoro wake umebaki na kovu katikati. Kila nikikutana naye naliona, nami nakumbuka kwamba siku ile nilikuwa na methali tu.