Usilaumu Gmail, angalia rekodi zako kwanza

Mitihani iko mlangoni lakini hili limenikaa rohoni, acha nilitoe.

Fildi nilipangiwa kampuni moja ndogo ya vifaa vya ujenzi (jina naliweka kapuni). Walikuwa wamefungiwa seva yao wenyewe ya barua pepe, fundi kalipwa, kasepa. Barua zinaingia, kila mtu kafurahi. Tatizo likawa kutuma. Dada wa mauzo anasemwa kila siku eti hatumi profoma, wateja wanakimbilia kwingine. Kumbe anatuma, ila zinaishia kwenye spamu! Nusura kibarua chake kiote nyasi kwa sababu ya mistari michache ya DNS.

Msimamo wangu ni huu: fundi asimaliziwe hela yake mpaka rekodi zote zikae sawa. Kupokea barua ni rahisi. Rekodi ya MX inataja jina la seva (siyo namba ya IP, wala CNAME), na jina hilo linakuwa na rekodi yake ya A. Basi. Ngoma ni kuaminiwa unapotuma.

PTR ndiyo inayosahaulika zaidi, maana haiwekwi kwenye domeni yenu. Anaiweka mwenye namba ya IP, yaani anayewauzia intaneti, kwa hiyo lazima mumwombe. Jina lipeleke kwenye namba, namba irudishe jina lile lile.

SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. Iwe moja tu, ukiweka mbili inahesabika ni kosa. DKIM ni sahihi: ufunguo wa siri unakaa kwenye seva, wa wazi unakaa kwenye DNS. DMARC inazifunga hizo mbili na anwani anayoiona msomaji. Bila hiyo tapeli anaweza kumtumia mteja ankara kwa anwani yenu kabisa, hela ikaingia akaunti yake. Anzeni na p=none, someni ripoti, kisha pandeni hadi reject. Wengi wanaishia none miaka na miaka, sasa hapo umefunga mlango au umeuchora?

Wapo watakaosema ya nini tabu, hamieni kwenye huduma ya kulipia. Sawa, PTR itakuwa juu yao. Ila SPF, DKIM na DMARC bado zinakaa kwenye domeni yenu. Na tangu Februari 2024 Google inadai hata mtumaji mdogo awe na SPF au DKIM, pamoja na PTR. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail anatakiwa awe na SPF, DKIM na DMARC zote.

Sisi tunakariri tabaka saba za OSI mpaka usingizini. Ukienda fildi, kabla hujaambiwa mtumaji ni mvivu, piga dig kwanza. Unaweza kuokoa ajira ya mtu.