Jahazi Haliendi Tupu Wala Halirudi Tupu

Tangu mwaka 1998 watengenezaji wa filamu kutoka pande nyingi za dunia wamekuwa wakikusanyika Unguja katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ambalo waanzilishi wake walilipa jina la Tamasha la Nchi za Jahazi. Jina hilo latuhusu sisi wa kusini kama linavyowahusu ndugu zetu wa visiwani. Majahazi ya Mikindani yalifika Unguja na Uarabuni zamani sana, kabla ya barabara ya lami na kabla ya daraja la Rufiji. Wala hapakuwa na nahodha mwenye akili aliyeng'oa nanga bila shehena, bila maji ya kunywa, na bila kujua atauza nini na atanunua nini huko aendako.

Tunalisema hili kwa sababu vijana wetu wa Mtwara, Mikindani na Msimbati leo wanazo kamera, na baadhi yao wamekwisha anza kutengeneza filamu. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini wengi wanadhani kwamba kukubaliwa katika tamasha ndio mwisho wa safari, kumbe ndio kwanza tanga linatwekwa.

Wapo watakaouliza: ya nini kujishughulisha na filamu wakati mkulima anahangaikia bei ya korosho na mvuvi hana nyavu? Jibu letu ni kwamba sura yetu duniani inachorwa na picha. Tangu Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilipoanzishwa mwaka 2000, na tangu gesi yetu ilipoanza kuzungumzwa na wakubwa wa dunia, wageni wengi wamekuja na kamera zao. Wamepiga picha matumbawe, mitambo, na kina mama wakiokota pweza maji yanapokupwa. Kisha wameondoka. Mzee mmoja mvuvi wa pwani hii aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, wale waliotupiga picha, hizo picha zenyewe ziko wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Iwapo wana wa hapa hawatajifunza kuzipeleka kazi zao mahali zinapotazamwa, habari zetu zitaendelea kusimuliwa na wapita njia.

Wala si kweli kwamba jambo hili liko juu ya uwezo wetu. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akaeleza kuwa utamaduni ndio roho ya taifa. Mwaka 1985 filamu ya Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ilipata tuzo katika tamasha la Ouagadougou. Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto. Ng'oge, Shivji na Shafi ni Watanzania kama sisi, na lugha iliyosikika ni hii yetu.

Basi, ndugu zetu wanaojiandaa kusafiri hawana budi kuzingatia mambo kadhaa.

La kwanza ni masharti. Kila tamasha lina siku yake ya mwisho ya kupokea filamu, nayo huwa miezi kadhaa kabla ya maonyesho. Yapo matamasha makubwa, kama Cannes na Venice, ambayo katika mashindano yake makuu hayapokei filamu iliyokwisha onyeshwa katika tamasha jingine la kimataifa. Kwa hiyo yule anayeharakisha kuitia filamu yake katika intaneti ili asifiwe na marafiki huenda akawa amejifungia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Aulize kwanza, ndipo atoe.

La pili ni vibali na haki. Kupiga picha ndani ya Hifadhi kuna taratibu zake. Bara ipo Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya mwaka 1976, na Zanzibar inacho chombo chake yenyewe. Mtu asidhani kuwa karatasi ya upande mmoja inatosha pande zote. Vilevile ngoma na nyimbo zina wenyewe. Ukiwarekodi kina mama wa Kimakonde wakiimba, ridhaa yao iwe katika maandishi, na malipo yao yawe katika hesabu yako. Filamu nyingi njema hukwama kwa sababu ya wimbo mmoja uliochukuliwa bila idhini.

La tatu ni lugha. Wahusika na wazungumze Kiswahili au Kimakonde chao bila haya. Mtazamaji wa mbali atasaidiwa na tafsiri iliyoandikwa chini ya picha. Tafsiri hiyo ikabidhiwe mtu mwenye ujuzi, maana tafsiri mbovu huigeuza huzuni kuwa kichekesho.

La nne ni tahadhari. Tulifundishwa chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Namjua kijana aliyesafiri na filamu yake katika flashi moja tu. Alipofika, flashi ikakataa kufunguka, na saa yake ya maonyesho ikapita ukumbi ukiwa mtupu. Chukueni nakala mbili au tatu, nazo zisikae katika mfuko mmoja. Fikeni siku moja kabla, mwombeni fundi wa ukumbi mjaribu picha na sauti. Na kwa waendao nje ya nchi, kama Ouagadougou, pasipoti, viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano si mambo ya kutafutwa wiki ya safari.

La tano ni mwenendo. Anayekaa na wenzake wa nyumbani tangu asubuhi hadi usiku, akitazama filamu yake peke yake, amepoteza nauli. Atazame kazi za wengine, aulize maswali, ahudhurie mafunzo. Awe tayari kueleza filamu yake kwa sentensi tatu, kwani wanunuzi na waandaaji hawana muda wa hotuba. Pale Unguja akumbuke kwamba Ngome Kongwe imezungukwa na mji wa watu wenye staha. Mavazi ya heshima, salamu kwa wazee na kuchunga nyakati za sala havimpunguzii mtu usanii wake.

La sita, na zito kuliko yote, ni mikataba. Mgeni akikunjulia karatasi ukumbini na kalamu juu yake, mshukuru, ichukue karatasi, rudi nayo nyumbani. Tazama anataka filamu kwa miaka mingapi, kwa nchi zipi, kwa lugha zipi, na nani atalipwa nini lini. Aliyeuza haki zote, kila mahali, milele, kwa fedha za nauli, ameuza shamba kwa bei ya embe. Ofisi ya Hakimiliki ipo, wanasheria wapo. Haraka haraka haina baraka.

Nanyi viongozi, tunawakumbusha kwa heshima kwamba msanii hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Barua ya utambulisho isikae mezani hadi tamasha limalizike. Maafisa utamaduni wawaeleze vijana namna ya kuomba mikopo katika Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, kwa kuwa fursa isiyotangazwa vijijini huwanufaisha walio karibu na ofisi tu. Na halmashauri zetu hazitashindwa kupata turubai jeupe, spika na jenereta. Wenzetu wa Zanzibar wamewahi kuipeleka sinema ya tamasha hadi vijijini Unguja na Pemba, watu wakatazama chini ya nyota. Kama wao waliweza, sisi tunazuiwa na nini?

Hilo ndilo jambo la mwisho tunalolidai kwa msafiri. Akirudi, awe amepata tuzo au amekosa, aende kwanza Msimbati, au popote alipopigia picha, atundike turubai lake, aionyeshe filamu kwa wale waliomo ndani yake. Awape na ujuzi aliouleta, ili mwakani waende wawili badala ya mmoja. Mcheza kwao hutunzwa. Siku yule mzee mvuvi atakapojiona juu ya turubai, akatikisa kichwa na kusema kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo, ndipo tutakapojua kwamba jahazi letu limerudi na shehena.