Taa ya samaki isiwake kwa volti 220



Kijana anayejua kujitengenezea taa ni baraka nyumbani. Akitaka kuweka akwariumu, yaani sanduku la kioo lenye maji na samaki, na kuiangaza kwa taa za LED alizoziunga kwa mikono yake, usimkataze. Atajifunza hesabu na uvumilivu. Tena mtoto unayemkataza mchana ataunga nyaya zake usiku, peke yake, bila mtu wa kumwonya. Lakini kabla waya wa kwanza haujaungwa, baba aweke sheria moja: taa iliyo juu ya maji iwake kwa volti 12, si kwa volti 220.

Mtauliza: msaidizi wa mganga ana kazi gani na samaki? Akwariumu ni fasi ambapo maji, umeme na mkono wa mtoto vinakutana kila siku. Leo analisha, kesho anafuta kioo, kesho kutwa anainua jiwe lililoanguka. Taa inaning'inia juu, na mkono umelowa.

Tufanye hesabu pamoja. Taa moja ndogo ya LED, yenye ukubwa wa punje ya mahindi, inatosheka na miliampere 20. Sasa tuangalie mwili wa mtu. Umeme wa prizi ukipita mwilini kwa miliampere 1, mtu husikia kama mchomo mdogo. Ukifika karibu 10, misuli ya mkono hujikaza, na aliyeshika waya hawezi kuuacha. Ukipita 30 na kukawia kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Kwa hiyo umeme unaotosha kuwasha taa ndogo mbili tu zilizoungwa kila moja peke yake unatosha pia kuua mtu.

Mwili uliolowa haukingi sana: rezistansi yake inaweza kushuka hadi om 1000 hivi. Gawanya 220 kwa 1000, utapata miliampere 220, yaani mara saba ya kile kipimo cha hatari. Gawanya 12 kwa 1000, utapata miliampere 12 tu, na umeme wa batri haukazi misuli kama ule wa prizi. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mshtuko na msiba.

Wengine husema: « Maji yetu si ya chumvi, hayana hatari. » Ni kweli kwamba chumvi huongeza hatari. Huko Ulaya na Marekani wapo watu wanaofuga viumbe vya bahari nyumbani, na maji yao yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Maji hayo hupitisha umeme mara nyingi kuliko maji ya mto. Lakini maji ya bomba nayo hupitisha umeme wa kutosha kuua, na maji ya Tanganika yana madini mengi yaliyoyeyuka. Mtu asijifiche nyuma ya neno « maji matamu ».

Na sisi tunayo nafuu moja. Wale wafugaji wa bahari wanalazimika kutumia taa kali za mwanga wa buluu, kwa sababu matumbawe yao yana mimea midogo sana ndani ya mwili, na mimea hiyo hulisha matumbawe kwa nguvu ya mwanga. Samaki wetu wa Tanganika, hata wale wadogo wanaoishi ndani ya makoa matupu ya konokono, hawaombi mwanga mkali. Mwanga wa kuwaona unatosha. Hakuna sababu ya kuwapelekea volti 220.

Fikiri juu ya kazi yako mwenyewe. Taa ya kofia ya mchimbaji inamwongoza mtu gizani chini ya ardhi kwa volti zisizofika 6. Fundi wa mashine hagusi mota kabla ya kukata umeme, kutia kufuli lake na kujaribu kama kweli umekatika. Sheria hiyo tunaiheshimu kwa sababu mkubwa wa kazi anatuangalia. Kwa nini basi tukivuka mlango wa nyumba tunaiacha nje pamoja na viatu? Umeme hautambui kama ni mgodi au ni chumba cha kuketi.

Sasa namna ya kuunga taa yenyewe. Taa nyeupe ya LED hutaka volti 3,2 hivi. Unga tatu kwa mfuatano, zitataka 9,6. Zinazobaki katika volti 12 ni lazima zizuiwe na rezistansi, la sivyo taa zitaungua. Ukigawanya volti 2,4 kwa ampere 0,02 utapata om 120. Lakini batri inayochajiwa hupanda hadi volti 14,4, na hapo om 120 ni kidogo mno. Chagua om 220: taa zitawaka vizuri na zitadumu. Kila mnyororo wa taa tatu uwe na rezistansi yake. Minyororo minne inakula chini ya ampere 0,1, hata batri ya pikipiki itaiwasha jioni nyingi.

Batri nayo ina desturi zake. Karibu na ncha ya chanya tia fyuzi ya ampere 1, maana nyaya zikigusana batri inaweza kuyeyusha waya na kuwasha pazia. Vua pete kabla ya kuishika. Ichajie nje au penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa inatoa gesi inayolipuka. Na anayelehemu aoshe mikono kabla ya kula: bati la kulehemia mara nyingi lina risasi ndani, na risasi ni sumu, zaidi kwa watoto na kwa mama mwenye mimba. Watoto wasikazie macho taa ya LED kwa karibu.

Atakayetumia transfo badala ya batri achague ile yenye alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake imekingwa mara mbili. Transfo ya bei ya chini sana isiyo na alama inaweza kuvuja, na volti 220 zikapita moja kwa moja hadi kwenye maji. Transfo ikae mbali na maji. Prizi isiwe chini ya akwariumu. Waya ushuke kwanza chini ya prizi, kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie ndani ya prizi.

Taa si kitu cha pekee. Usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi kwetu, na samaki wa Tanganika wanapenda maji ya digrii 24 hadi 27. Basi watu hutia ndani ya maji chombo cha kupasha joto, tena huweka pampu ya hewa nje ya maji, na hivyo hutumia volti 220. Kwa hiyo nyumba iwe na dijonkteri ya miliampere 30, ile inayokata umeme mara moja unapovuja. Hata ukiwa nayo, chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono majini. Umeme wa mtaa ukikatika, chomoa vile vile. Mtoto hufikiri waya umekufa, anatia mkono gizani, na umeme unarudi bila kupiga hodi.

Baba mwingine atasema: transfo nzuri na dijonkteri ni feza nyingi. Namjibu: kama feza ya vitu hivyo haijapatikana, samaki wangoje. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kuwatazama samaki.

Na ajali ikitokea? Usimshike aliyekamatwa na umeme. Kata umeme kwanza. Ikiwa huwezi, simama pakavu umsukume mbali na waya kwa mti mkavu. Kama haamki na hapumui vizuri, tuma mtu aite msaada, nawe mlaze chali penye ugumu, weka viganja katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Penye kuungua, mwagia maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Na aliyepigwa na umeme wa prizi aletwe dispensari siku ile ile hata akisema amepona, kwa sababu moyo unaweza kuharibika mwendo bila alama ya nje.

Jioni ya leo, mwite kijana wako mkae mbele ya akwariumu yake. Angalieni pamoja waya unatoka wapi na unapita wapi. Ukiona unatoka kwenye prizi na kwenda moja kwa moja juu ya maji, uchomoe. Kesho mtengeneze upya, pamoja.