Bahari iko mbali, birika liko jikoni

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina dukuduku, na lazima nilitoe.

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya upili huku Kericho nizungumze na wanafunzi kuhusu kompyuta. Ubaoni nikakuta somo lililotangulia: umeme kutokana na tofauti ya joto la bahari. Nikauliza, "Unapatikanaje?" Darasa zima likanitajia faida zake kwa sauti moja: hauchafui hewa, hauhitaji mafuta, hauishi. Nikauliza tena, "Sawa, lakini unapatikanaje?" Kimya!

Mwalimu mmoja akanieleza kwamba mtihani hauulizi hilo. Halafu akacheka: "Kwani hapa bahari iko wapi?"

Jamani, hoja hii ni mbovu. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kanieneo ya hewa huku ni ndogo, maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100. Ukizidi kupunguza kanieneo, hata maji ya nyuzi 25 yatachemka. Hivyo ndivyo alivyofanya Mfaransa Georges Claude huko Cuba mwaka 1930. Alivuta hewa kutoka kwenye chombo, maji vuguvugu ya bahari yakatoa mvuke, mvuke ukazungusha turbini, kisha maji baridi kutoka kilindini yakaugeuza kuwa maji tena. Akapata kilowati 22. Somo lote limo ndani ya birika la mama!

Sasa hesabu. Maji ya juu yana nyuzi 25, ya kina cha mita 1,000 yana kama 5. Tofauti ni 20. Gawanya kwa 298, yaani nyuzi 25 kwa kipimo cha kelvini. Unapata chini ya asilimia 7. Hata mtambo usio na kasoro hauwezi kuvuka hapo, na pampu bado hazijala fungu lao. Mstari mmoja tu wa hesabu unakueleza kwa nini mitambo hii ni michache na midogo hadi leo. Orodha ya faida haikuelezi.

Na msidhani ni mambo ya ng'ambo. Pale Olkaria, karibu na Naivasha, mitambo ya Ormat imezalisha umeme tangu mwaka 2000 kwa joto la ardhini linalochemsha kimiminika chenye kuchemka upesi kuliko maji. Ni kanuni ileile, ila tofauti ya joto ni kubwa zaidi.

Kwa nini napiga kelele? Kwa sababu viwanda vya chai vilivyo chini ya KTDA, Kericho na Bomet, ni mali ya wakulima. Wanafunzi hawa ndio wenye hisa wa kesho. Atakuja mtu na suti na projekta kuwauzia boila, sola au mtambo wa maji ya mto, naye pia atakuwa na orodha ndefu ya faida. Nani atamuuliza asilimia ngapi?

Anayekariri faida ni kama anayenakili programu asiyoielewa. Siku ikikwama, hana la kufanya ila kumlipa aliyeiandika.

Walimu wangu, futeni ile orodha. Wekeni birika jikoni.